Idadi ya Nyumba Huamuliwa Kabla Wananchi Hawajaitwa

Mikutano ya hadhara kuhusu mpango wa ukuaji wa makazi wa kanda hufanana. Ramani kubwa imetundikwa ukutani, rangi zinaonyesha zitakakojengwa nyumba mpya, na watu wanabishana rangi iishie wapi. Wanabishania mabaki. Kufikia siku ramani inapotundikwa, maamuzi mazito yameshapita: watakuwepo watu wangapi baada ya miaka 20, kaya moja itakuwa na watu wangapi, kila halmashauri ibebe nyumba ngapi, hekta moja iingie nyumba ngapi. Yote hayo yamo kwenye faili moja ya Excel ambayo wananchi hawajui hata kama ipo. Ndiyo maana idadi ya waliohudhuria haituambii kitu kuhusu ushirikishwaji. Faili ile kutolewa, na kutolewa lini, ndiko kunakotuambia.

Tuifanye hesabu yenyewe, kwa kanda ya kubuni, ili ionekane maamuzi hujificha wapi. Kanda ina watu 800,000 leo na inakadiriwa kufikisha 1,000,000 baada ya miaka 20. Kwanza huondolewa wanaoishi kwenye mabweni, kambi, magereza na vituo vya wazee, kwa sababu hawaingii kwenye hesabu ya kaya. Tuseme ni asilimia 2. Wanabaki 784,000 leo na 980,000 baadaye. Gawanya kwa wastani wa watu katika kaya. Leo wastani ni 4.0, hivyo kaya ni 196,000. Mtaalamu akikadiria kwamba wastani utashuka hadi 3.6, kaya za baadaye zitakuwa kama 272,200. Akiuacha palepale kwenye 4.0, zitakuwa 245,000. Namba moja kwenye kisanduku kimoja cha jedwali imeongeza au imefuta zaidi ya nyumba 27,000, na wala ramani haijaguswa.

Hatujamaliza. Soko la nyumba halifanyi kazi bila nyumba kadhaa kuwa tupu kwa wakati wowote: mtu amehama, mwingine hajaingia, nyingine inapakwa rangi. Ukitaka asilimia 5 ya nyumba zote ziwe tupu, unagawanya kaya 272,200 kwa 0.95 na kupata nyumba kama 286,500. Ikiwa zilizopo leo ni 201,000, pengo ni 85,500. Lakini mwingine ataweka hiyo asilimia 5 kwenye nyumba mpya peke yake, yaani atagawanya kaya 76,200 zinazoongezeka kwa 0.95, na pengo litakuwa 80,200. Wote wawili wataandika kwenye ripoti maneno yaleyale, "tumezingatia asilimia 5 ya nyumba tupu", na wametofautiana kwa nyumba 5,300.

Kisha kuna nyumba zitakazobomolewa, zitakazoungua au kugeuzwa ofisi. Kwa asilimia 0.3 ya nyumba zilizopo kila mwaka, ndani ya miaka 20 ni kama 12,000. Mwisho ni upungufu uliopo tayari, yaani familia mbili zilizobanana nyumba moja kwa kukosa pa kwenda. Tuseme ni 9,000. Jumla: 85,500 na 12,000 na 9,000 ni nyumba 106,500.

Hapo kwenye 9,000 ndipo pa kumkamata mtaalamu. Ukishakadiria kwamba kaya itapungua kutoka watu 4.0 hadi 3.6, sehemu ya kushuka huko kwa ukubwa wa kaya inatokana na familia zilizobanana kutengana. Zimeshahesabiwa ndani ya zile 272,200. Kuziongeza tena mwishoni ni kuzihesabu mara mbili. Kosa hili ni la kawaida kabisa, na halionekani kwenye ripoti ya kurasa 200 iliyochapwa vizuri. Huonekana kwenye fomula tu.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo ni gumu zaidi kuliona, maana linakuja limevaa sura ya takwimu safi. Makadirio ya watu hujengwa juu ya mwenendo wa nyuma: kiwango cha uzazi, vifo na uhamiaji wa miaka 5, 10 au 15 iliyopita. Mji uliokataa kujenga kwa miaka 15 haukupokea wahamiaji wengi, kwa kuwa hawakuwa na pa kulala. Vijana wake walibaki kwa wazazi, hivyo ukubwa wa kaya haukushuka. Jedwali linasoma hayo yote kama ushahidi kwamba mji ule hauhitaji nyumba. Aliyekataa kujenga anapewa mgao mdogo, na jirani yake aliyejenga anaongezewa. Uingereza iligongana na jambo hili mwaka 2018. Ofisi ya Takwimu ya Taifa ilitoa makadirio mapya ya kaya za England, na yalikuwa chini kuliko yaliyotangulia. Serikali iliamua hesabu ya mahitaji ya nyumba iendelee kutumia makadirio ya zamani, yaliyojengwa juu ya takwimu za mwaka 2014. Unaweza kuukubali uamuzi huo au kuupinga, lakini ulitangazwa, ukaulizwa maoni, na sababu zake ziliandikwa. Kwenye kanda nyingi uamuzi wa namna hiyo hufanywa na mtu mmoja akiwa mezani kwake, bila nia yoyote mbaya, na hakuna anayejua kwamba umefanywa.

Baada ya jumla, mgawanyo. Nyumba 106,500 zinagawanywaje kwa halmashauri 9 au 30? Kwa kawaida ni kwa fomula yenye vigezo kadhaa na uzito wa kila kimoja: ajira zilizopo, usafiri wa umma, ardhi iliyobaki, idadi ya watu, hatari ya mafuriko au moto wa nyika, uwezo wa maji. Badilisha uzito wa ajira kutoka 20 hadi 40 kwa mia na nyumba maelfu zinahama kutoka mashambani kwenda mjini. Agosti 2020 serikali ya Uingereza ilipeleka kwa umma pendekezo la kubadilisha fomula ya England. Watu walipoiingiza kwenye majedwali yao wenyewe waligundua kwamba mzigo ungehamia kwa wingi kwenye wilaya za kusini zenye mashamba. Pingamizi zilikuwa kali, zikiwemo za wabunge wa chama tawala. Desemba mwaka huohuo pendekezo liliachwa, na badala yake miji mikubwa 20 ikaongezewa asilimia 35 juu ya hesabu yake. Hata hiyo 35 na hiyo 20 zilizua maswali yake. Lakini wananchi waliweza kubishana na fomula kwa sababu iliandikwa kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta angeweza kuirudia.

California ni mfano mwingine wa kuangalia kwa karibu. Tangu 1969 sheria ya jimbo inataka kila jiji na kaunti iwe na sehemu ya makazi ndani ya mpango wake. Siku hizi, kwa kawaida kila miaka 8, idara ya makazi ya jimbo huipa kila kanda idadi ya nyumba, na baraza la kanda huigawa. Kusini mwa California, yenye kaunti 6 na miji 191, ilipewa nyumba 1,341,827 kwa kipindi cha 2021 hadi 2029. Idadi hiyo iligawanywa kwa makundi manne ya kipato, jambo ambalo mipango mingi huliruka: nyumba 10,000 ambazo hakuna mwenye kipato cha chini anayeweza kuzilipia hazipunguzi upungufu wake. Halmashauri isiyoridhika hukata rufaa na rufaa husikilizwa hadharani. Na bado mwaka 2022 mkaguzi wa jimbo alichunguza hesabu za idara ile akakuta kwamba haikuwa ikihakikisha zina usahihi na ushahidi wa kutosha. Kuwa na utaratibu wa wazi hakuzuii makosa. Kunayafanya yaweze kupatikana.

Sasa, nini hasa kitolewe? Faili ya hesabu yenyewe, fomula zikiwa hai. PDF iliyopigwa skani haina maana hapa. Ni picha ya namba. Pamoja na Excel, itolewe pia kwa CSV, yaani faili ya maandishi yenye namba tu, ili asiyekuwa na programu ya kulipia aifungue. Kila kisanduku chenye namba iliyoingizwa kwa mkono kipewe rangi yake, na pembeni kiandikwe chanzo, mwaka wa takwimu, na jina la cheo cha aliyeiidhinisha. Dhana zote zikusanywe kwenye ukurasa mmoja wa mbele. Kwenye mpango wa kawaida wa kanda hazizidi 25 au 30, na mwananchi makini anaweza kuzisoma kwa saa moja. Kila dhana iwe na namba tatu, yaani ya chini, ya kati na ya juu, na ionyeshwe jumla inabadilikaje ukiigusa hiyo peke yake. Jedwali hilo la mwisho ndilo linalomwambia mwananchi atumie muda wake wapi. Akiona kwamba ukubwa wa kaya unahamisha nyumba 27,000 na ubomoaji unahamisha 3,000, anajua pa kupigania.

Ramani nazo zitolewe kama matabaka ya data, kila tabaka na tarehe yake: mabonde ya mafuriko, mwinuko wa ardhi, mabomba ya maji na majitaka, barabara, umiliki wa umma. Na kuwe na daftari la mabadiliko. Toleo la 3 limetofautiana na la 2 kwa mistari ipi, nani aliomba, lini. Bila daftari hilo, namba hubadilika kati ya rasimu ya Machi na ya Juni na hakuna wa kuulizwa.

Kuna mtego kwenye msongamano ambao huwapiga hata madiwani wazoefu. Ripoti inasema "nyumba 40 kwa hekta". Hekta ipi? Ikiwa ni hekta halisi, yaani viwanja vya nyumba peke yake, basi barabara, shule, mifereji, bustani na zahanati havimo. Vitu hivyo huchukua kwa urahisi asilimia 35 ya eneo lote. Nyumba 40 kwa hekta halisi ni 26 tu kwa hekta ya jumla. Kwa nyumba 106,500, tofauti ni kati ya hekta kama 2,660 na hekta kama 4,100. Mpango uliochanganya vipimo hivyo viwili utaishiwa ardhi kabla ya kumaliza theluthi ya mwisho ya nyumba zake, na kitakacholiwa kwanza ni viwanja vya shule na maeneo ya wazi. Swali la kuuliza ni fupi: eneo hili limepimwa kabla au baada ya kutoa barabara na huduma?

Maji ni hesabu ya dakika mbili, na inashangaza ni mara ngapi haipo. Watu 200,000 wapya kwa lita 120 kila mmoja kwa siku ni mita za ujazo 24,000. Ikiwa asilimia 30 hupotea njiani kwa mabomba kuvuja, chanzo kinatakiwa kitoe zaidi ya mita za ujazo 34,000 kila siku. Mpango uonyeshe zitatoka wapi, mwaka gani, na bajeti ya nani. Kama jibu ni "mamlaka husika itashughulikia", basi nyumba hizo zipo kwenye karatasi.

Suala la wakati ndilo linaloharibu mengi. Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998, unaohusu taarifa na ushiriki wa umma katika mambo ya mazingira, unataka ushiriki wa umma uanze mapema, chaguzi zote zikiwa bado wazi. Mahakama za Uingereza zilifika mahali hapohapo kwa njia nyingine: kesi ya Gunning dhidi ya halmashauri ya Brent, 1985, iliacha masharti manne ambayo hadi leo ndiyo kipimo. Watu waulizwe pendekezo likiwa bado linafinyangika. Wapewe sababu za kutosha ili waweze kujibu kwa akili. Wapewe muda wa kutosha. Na majibu yao yapimwe kwa dhati kabla ya uamuzi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwenye kesi ya Moseley dhidi ya Haringey, iliona kwamba halmashauri ilikosea ilipowauliza wananchi kuhusu mpango wa punguzo la kodi bila kuwaeleza kwamba kulikuwa na njia nyingine, na kwa nini haikuzichukua. Kesi ile haikuhusu nyumba mpya, lakini somo lake linaingia moja kwa moja hapa. Mpango unaoonyesha njia moja tu hauulizi maoni. Unatoa taarifa.

Kwa vitendo, hiyo ina maana ya kuwaita watu mara tatu. Mara ya kwanza ni kwenye dhana na vigezo, kabla jumla haijapigwa. Mara ya pili ni kwenye chaguzi: idadi ya chini, ya kati na ya juu, na angalau sura tatu za kuzipanga ardhini, kama vile kujaza ndani ya miji iliyopo, kufuata njia kuu za usafiri, au kuanzisha mji mpya. Mara ya tatu ni kwenye rasimu kamili. Wiki 6 kwa maoni ya maandishi ni kiwango cha chini kwa hatua mbili za mwanzo; rasimu ya kanda, ikiwa na viambatisho vyake, inahitaji wiki 8 hadi 12. Saa ianze kuhesabu siku nyaraka zote zinapopatikana. Tangazo likitoka tarehe 1 na faili ya hesabu ikatoka tarehe 20, siku ya kwanza ni tarehe 20. Sikukuu ndefu na likizo za shule ziongezwe juu.

Anayetaka faili ambayo haijatolewa aombe mapema sana, tena kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya Kenya ya mwaka 2016 humpa afisa siku 21 kuamua ombi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Tanzania, ya mwaka huohuo, siku 30. Ile ya Uingereza ya mwaka 2000, siku 20 za kazi. Dirisha la maoni likiwa la siku 30 na jibu likachukua siku 30, haki unayo kwenye karatasi na faili unaipata dirisha limefungwa. Ombi zuri hutaja kitu mahususi: "faili ya hesabu ya mahitaji ya nyumba, toleo lililotumika kutayarisha rasimu, fomula zikiwemo, pamoja na maelezo ya kitaalamu yaliyoambatana nalo." Ukiomba "taarifa zote kuhusu mpango" utapewa kijitabu.

Sasa hoja ambayo maofisa huitoa kwa sauti ya chini, na ina uzito: ukitangaza mapema ardhi ipi itajengwa, madalali watainunua yote kabla mwananchi hajamaliza kusoma tangazo. Ni kweli. Bei ya shamba hupanda siku linapopakwa rangi ya makazi, na wakati mwingine siku uvumi unapoanza. Lakini siri haijawahi kulizuia hilo. Inachofanya ni kuchagua nani ajue kwanza. Mwenye rafiki ofisini anajua; mjane mwenye ekari mbili pembeni ya mji hajui, anauza kwa bei ya shamba, na miezi sita baadaye anaona vigingi.

Dawa yake ni mpangilio, na mpangilio wenyewe unajulikana. Vigezo vya kuchagua maeneo na uzito wake vitangazwe na kufungwa kabla eneo lolote halijapimwa. Kisha utolewe wito wa wazi: mwenye ardhi yeyote anayetaka ifikiriwe awasilishe kwa fomu moja ile ile, kwa tarehe moja ya mwisho. Kabla ya kuanza kutoa alama, madiwani, watumishi na washauri binafsi watangaze maslahi yao: ardhi yao, ya wenza wao, ya kampuni wanazomiliki hisa, na walizowahi kuzifanyia kazi kwa miaka mitatu iliyopita. Washauri ndio husahaulika. Kampuni inayoandika mpango wa kanda asubuhi huenda jioni inamchorea mwekezaji mpango wa eneo lake. Alama zikishatolewa, orodha yote itoke kwa saa moja, kwa kila mtu, pamoja na maeneo yaliyokataliwa na alama zake. Orodha ya waliokataliwa inafundisha kuliko ya waliokubaliwa: eneo lililopata alama 71 likaachwa na la alama 58 likachukuliwa lina hadithi ya kueleza. Na pawe na rejesta ya vikao kati ya maofisa na wenye ardhi, ikionyesha tarehe, waliokuwepo na mada, itolewe kila mwezi wakati mchakato unaendelea.

Thamani inayopanda kwa sababu ya uamuzi wa umma, sehemu yake irudi kwa umma, iwe kwa kodi, kwa mchango wa miundombinu au kwa kuacha ardhi ya shule. Asilimia itangazwe mapema, kabla ya orodha. Ikitangazwa baadaye, mnunuzi atasema alishalipa bei kamili na hana kilichobaki, na pengine atakuwa anasema kweli.

Kuhusu mikutano yenyewe sina mengi. Mkutano mmoja mkubwa wa ukumbini huwapa nafasi wenye sauti na wenye muda. Meza za watu 8, kila moja na ramani, mwongozaji na mwandishi, hutoa hoja nyingi zaidi kwa saa mbili kuliko kipaza sauti kimoja kwa saa nne. Fanya mmoja jioni na mmoja mwisho wa wiki. Mwandishi asome alichoandika mbele ya meza kabla watu hawajainuka. Hilo pekee huondoa nusu ya malalamiko ya "hatukusema hivyo".

Kigumu ni wasiokuwepo. Anayeishi karibu na eneo litakalojengwa anajua anachopoteza: mandhari, utulivu, nafasi ya kuegesha gari. Atakayeishi humo baada ya miaka 12 hajijui bado. Labda ana miaka 15 na analala sebuleni kwa shangazi yake. Ukihesabu maoni kama kura, wa kwanza atashinda kila mara. Kwa hiyo fomu ya maoni iulize, kwa hiari, eneo analoishi mtu, kama amepanga au anamiliki, kundi la umri na jinsia. Kisha matokeo yalinganishwe na sensa na kutolewa. Ikiwa wapangaji ni nusu ya kanda na ni mmoja kati ya kumi ya waliotoa maoni, hilo liandikwe ukurasa wa kwanza wa muhtasari, na wafuatwe walipo: vyuoni, viwandani, kwenye vituo vya mabasi, kwenye orodha za wanaosubiri nyumba. Na hapa nitasema wazi: ushirikishwaji hauwapi majirani kura ya turufu. Unawapa haki ya kujua, kusikilizwa na kujibiwa kwa sababu. Mipango inayoahidi zaidi ya hapo huishia kudanganya.

Jibu. Hapa ndipo michakato mingi hufia. Ripoti husema "maoni 1,840 yalipokelewa na kuzingatiwa", basi. Neno "kuzingatiwa" likiwa peke yake halina thamani yoyote. Kinachotakiwa ni jedwali la majibu, kila hoja na mstari wake: namba ya maoni, kifungu au kisanduku kinacholengwa, hoja kwa sentensi moja au mbili, uamuzi, sababu, na ukurasa wa mpango uliobadilika. Uamuzi uwe mmoja kati ya minne: imekubaliwa, imekubaliwa kwa sehemu, imekataliwa, iko nje ya mamlaka ya mpango huu. Ya mwisho itaje mamlaka husika na ionyeshe kwamba hoja imepelekwa huko. Kila mtoa maoni apewe namba siku anapowasilisha, ili ajitafute mwenyewe kwenye jedwali. Majina ya watu binafsi, simu na namba za vitambulisho vifutwe. Majina ya kampuni na taasisi yabaki.

Barua zinazofanana hushughulikiwa vibaya pande zote mbili. Barua 400 zenye maneno yaleyale si hoja 400, wala si kitu cha kutupwa. Ni hoja moja yenye saini 400. Iandikwe hivyo hivyo, mstari mmoja, na idadi ya saini pembeni.

Jedwali litoke lini? Angalau siku 14 kabla ya baraza kupitisha mpango. Likitoka siku ya kikao, au baada yake, hakuna diwani aliyelisoma. Na kama mabadiliko yaliyotokana na maoni ni makubwa, kwa mfano eneo jipya limeongezwa au mgao wa halmashauri moja umebadilika kwa zaidi ya asilimia 10, watu waitwe tena kwa sehemu hiyo. Mwenye shamba lililoingia dakika ya mwisho hajawahi kuulizwa chochote.

Mpango ukishapita, ripoti ya kila mwaka ndiyo inayobaki, na ina ujanja wake. Vibali vya ujenzi vilivyotolewa huripotiwa kama nyumba zilizojengwa. Kibali ni karatasi. Vingi huisha muda bila tofali kuwekwa. Ripoti iwe na safu nne zilizotengana: vibali vilivyotolewa, ujenzi ulioanza, nyumba zilizokamilika, nyumba zilizobomolewa au kugeuzwa matumizi. Neno "kukamilika" liwe na maana moja kwa kanda nzima, kwa mfano cheti cha kukaliwa kimetolewa, ili halmashauri moja isihesabu paa na nyingine ikahesabu taa. Kila safu igawanywe kwa halmashauri na kwa kundi la kipato. Kando yake ziwekwe zile dhana za mwanzo, namba iliyokadiriwa na namba halisi ya mwaka huo. Mpango wenyewe utaje ni tofauti gani italazimisha hesabu kufunguliwa upya: tuseme nyumba zilizokamilika zikiwa chini ya asilimia 85 ya lengo kwa miaka mitatu mfululizo, au sensa mpya ikionyesha ukubwa wa kaya umepishana na makadirio kwa zaidi ya 0.2. Kwenye kanda yetu ya kubuni, wastani ukitoka 3.6 hadi 3.8 peke yake, kaya za mwisho wa kipindi hupungua kwa zaidi ya 14,000.